Mpini Usio na Tumbo Jeupe

Nina mzigo hapa.

Mkiniambia niutue, nitawajibu kwamba huu si wa kutua, ni wa kupokezana, na nikimaliza utabaki vichwani mwenu, si kichwani mwangu. Mimi nimeubeba vya kutosha. Kwa hiyo mwenye karanga azimalize kutafuna, mwenye usingizi aende akalale, na yule pale kwenye kona, ambaye kila nikisimulia hujifanya anaujua mwisho, leo namwambia mapema: huujui. Hata mimi siujui.

Mnaupokea? Haya, shikeni.

Kulikuwa na mtaa ukiitwa Maranda, katika mji mmoja wa milimani wenye miparachichi mingi kuliko watu. Waliuita hivyo kwa sababu ardhi yake haikuonekana. Ulikanyaga maranda ya mbao tangu unaingia mpaka unatoka, na kuku walitaga humohumo njiani. Watu wa pale walikuwa wakereza. Kila kibanda kilikuwa na keezo, ile mashine inayouzungusha mti kwa kasi huku fundi akiusogezea patasi, mpaka ukatoka bakuli, kinara au mpini wa kisu.

Kila fundi wa Maranda alikuwa na chapa. Chapa ni kipande cha chuma chenye alama nchani: huyu samaki, yule jani, mwingine kitana. Ukishamaliza kazi yako unakitia chuma motoni kiwe chekundu, unakibandika chini ya kazi, na kuanzia hapo kila mtu anajua ni ya nani. Asiye na chapa hakuwa fundi, hata akereze vipi. Alikuwa mkono tu. Kazi yake iligongwa chapa ya mwenye kibanda, na mwenye kibanda ndiye aliyesifiwa.

Chapa hizo hazikuongezwa. Walizirithi kutoka kwa waanzilishi wa mtaa. Fundi akifa, mpini wa chapa yake ulizikwa naye, na kile chuma kikarudi sandukuni mwa chama kumngoja mtu mwingine. Huyo mwingine sharti atengeneze mpini wake mwenyewe. Sharti uwe wa mparachichi, na sharti uwe wa buluu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ugomvi wote unaanzia hapa.

Mparachichi ni mti laini. Ukiukereza hivihivi unamung'unyika. Kwa hiyo watu wa Maranda waliuloweka kwanza katika kile walichokiita dawa, gundi nyepesi kama maji iliyotiwa rangi, wakaunyonya hewa kwa vipampu vyao, kisha wakaupika mpaka ile dawa ikaganda ndani yake na kuufanya mgumu kama pembe. Ulitoka buluu ya kupendeza kabisa. Lakini sogeza patasi uone! Ngozi ya buluu inabanduka, na chini yake unakuta mti mweupe, laini, ambao haujaguswa na dawa wala rangi. Upande mmoja buluu imeingia vizuri, upande wa pili imechungulia tu ikarudi. Wenyewe waliuita ugonjwa huo tumbo jeupe.

Mpini wenye tumbo jeupe haukufichika. Jasho la mkono liliula kidogokidogo mpaka weupe ukajitokeza, na watoto wakamwita mwenye nao Fundi Ngozi. Na sasa nawapa siri ambayo haikuwa siri hata kidogo: mafundi wote wa Maranda walikuwa Mafundi Ngozi. Ndiyo maana kila mmoja aliuviringishia mpini wake kitambaa. Ukiuliza kitambaa cha nini, unaambiwa ni heshima.

Mkubwa wa wenye vitambaa alikuwa Shebughe, mwenyekiti wa chama. Chapa yake ilikuwa samaki, na kibanda chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Humo walifanya kazi watu watatu wasio na chapa, na hao ndio watu wangu. Nasema watu wangu kwa makusudi. Asiyependa nipendelee, atafute msimulizi mwingine.

Wa kwanza ni Namkunda. Alikuwa mwanamke kijana, binti wa muoka mikate, aliyekulia mdomoni mwa tanuri. Kipaji chake kilikuwa shavuni. Ukimpa kipande cha mti alikibandika shavuni, akakwambia kama kina maji ndani, kwa sababu mti wenye maji una ubaridi ambao mti mkavu hauna. Kwa Shebughe kazi yake ilikuwa kuloweka.

Wa pili ni Kajiru, fundi wa majokofu aliyeletwa pale kutengeneza mota za mashine akabaki. Kipaji chake kilikuwa kungoja. Msicheke! Mnajua watu wangapi wanaoweza kungoja? Mtu akichemsha chai anafunua kifuniko kila dakika kuona kama imechemka. Kajiru hakufunua kitu kabla ya wakati wake. Lakini kukereza hakujua, na mafundi walimwita mtu wa bati.

Wa tatu ni mzee Mbelwa. Huyo alikuwa mkereza hasa, nadhani bora kuliko wote mtaani, lakini alikuwa mashoto. Patasi aliishika mkono wa kushoto. Watu wa Maranda waliamini mashoto anaukereza mti kinyume, kwa hiyo tangu ujana wake Mbelwa alifanyia kazi nyuma ya pazia, na kila bakuli alilolitoa lilibandikwa samaki wa Shebughe. Fikirini ni mabakuli mangapi hayo, maisha mazima. Hasira zinanipanda hata nikisimulia tu.

Basi akafa Bi Nakiete, aliyekuwa na chapa ya kitana. Mpini wake ukazikwa naye, chuma kikarudi sandukuni. Matanga hayajaisha, Shebughe akasimama mbele ya waombolezaji akatangaza kwamba siku ya arobaini chapa ya kitana atakabidhiwa mpwa wake.

Namkunda akasimama kati ya wanawake, sinia la mikate ya msiba bado liko mikononi.

"Nani kasema?"

"Desturi ndiyo imesema, binti. Kaa chini."

"Desturi inasema mpini, Mwenyekiti. Sijasikia ikisema mpwa. Mpini wake uko wapi tuuone?"

Watu wakaangalia chini. Shebughe akacheka, kile kicheko cha mtu aliyezoea kucheka mwenyewe halafu wengine wakafuata.

"Unataka mpini? Haya. Siku ya arobaini, mbele ya mtaa mzima, nileteeni mpini ambao nikiukata popote ni buluu mpaka ndani. Hata mtu wa bati akiuleta. Hata mashoto! Chapa ya kitana itakuwa yake."

Alisema hivyo kwa sababu alijua hakuna aliyewahi kufanikiwa. Lakini alilisema mbele za watu, na neno likishatoka mbele ya msiba halirudishwi mfukoni.

Mwanzoni kila mmoja alijaribu kivyake, maana kila mmoja aliitaka chapa. Namkunda aliukausha mti wake na kuuloweka. Ulipokatwa, ulikuwa na tumbo jeupe. Kajiru aliunyonya hewa wa kwake kwa pampu ya kukopa, tumbo jeupe. Mbelwa aliukereza wa kwake kwa uangalifu kama anamenya yai. Akautoa mpini mzuri ajabu, na tumbo lake jeupe. Walikutana kwenye lundo la takataka nyuma ya kibanda, kila mmoja amekuja kutupa wake kwa siri.

Namkunda akaviokota vile vipande vitatu akavitazama.

"Wa kwangu umeingia rangi pande zote, lakini haikufika mbali. Wa kwako, kaka Kajiru, imefika mbali upande mmoja, upande wa pili haikuingia kabisa. Na wa kwako, baba?"

"Wa kwangu usiutazame," akasema Mbelwa. "Wa kwangu nimeupaka."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Hapo ndipo walipokubaliana kuutengeneza mmoja, wote watatu. Chapa itakuwa ya nani hawakuulizana. Mbelwa alitaka kuuliza, Namkunda akamkata: "Tushinde kwanza, baba."

Walikosea? Nyie semeni. Mimi nasonga mbele.

Mbelwa akakata tawi la mparachichi mkongwe, akalipasua, akatoa kipande kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Akampa Namkunda.

Namkunda akasema, "Mti huu hautapewa maji."

Hamjui alichokisema, kwa hiyo niwaeleze. Maranda walikuwa na desturi ya kuunywesha mti. Kila asubuhi, kabla keezo halijazunguka, fundi alichota maji kwa kopo akanyunyizia vipande vyake vyote, kwa sababu waanzilishi walikereza miti mibichi na waliogopa ipasuke. Dawa ilipokuja baadaye, desturi ikabaki. Watu walinyunyiza maji asubuhi, mchana wakaloweka mti uleule katika dawa, halafu wakashangaa kwa nini rangi haiingii. Ingeingia wapi? Mahali pake pamekaliwa na maji! Shavu la Namkunda lilikuwa limemwambia hivyo siku nyingi, na kila alipofungua mdomo aliambiwa anawatukana marehemu.

Akakitia kile kipande katika tanuri la mama yake, mikate ikishatoka, moto ukiwa umetulia. Kila alipokitoa alikiweka kwenye mizani ya unga, jiwe upande wa pili, na kila mara kilikuwa chepesi kuliko jana. Akakirudisha. Hivyo hivyo, mpaka ikafika siku mizani haikusogea tena. Hapo akakifunga kwenye mfuko kingali na vuguvugu, ili ukungu wa mlimani usikirudishie kile alichokitoa, akaacha kipoe humo, maana dawa ikiguswa na mti wa moto inaganda kabla ya kuingia.

Shebughe aliposikia, kipande kikiwa bado tanurini, alikuja na kopo la maji mkononi na wazee wa chama nyuma yake. Namkunda akaegemeza mgongo kwenye mdomo wa tanuri.

"Sogea, binti. Mti haujanywa."

"Na hautakunywa."

"Unajua unamkataa nani?"

"Namkataa mwenye kopo. Maji hayo, Mwenyekiti, kamwagie kabichi zako."

Tanuri lilimuunguza mgongo, na hakusogea. Kuanzia siku hiyo mtaa ukaacha kula mkate wake. Akaoka akala mwenyewe na majogoo wa jirani, alama ya moto ikiwa mgongoni mpaka leo.

Kipande kikaja kwa Kajiru.

Kajiru akasema, "Maji yametoka. Imebaki hewa." Mti mkavu umejaa hewa, na hewa nayo ina kiburi chake, haimpishi mtu. Akatafuta chupa kubwa nene ya kioo, akamimina dawa na rangi, akakizamisha kile kipande kwa jiwe kisielee. Ilibaki kitu cha kuivuta hewa. Pampu ya kukopa ilikuwa dhaifu. Mtaani kulikuwa na kompresa moja tu nzima, lile dude jeusi linalonguruma nyuma ya friji, na friji lenyewe lilikuwa la mkewe, Mama Nkundwe, aliyekuwa akiuza barafu na juisi ya matunda.

Ndiyo. Aliling'oa.

Akaliunganisha kwenye kifuniko cha chupa, akawasha, na mti ukaanza kutoa mapovu kama uji unaochemka. Mafundi wa Maranda wakiona mapovu yamepungua huzima, wakautoa mti, wakaupika. Kajiru hakuzima. Mapovu yalipungua, akangoja. Yakawa mojamoja, akangoja. Umeme ukakatika, akafunga bomba hewa isirudi, akangoja urudi. Mama Nkundwe akaja akasimama mlangoni, juisi ya mapera ikiwa imechacha ndooni.

"Baba Nkundwe, friji langu liko wapi?"

"Lipo. Linafanya kazi nyingine."

"Mimi na hicho kijiti, chagua."

Akamtazama mkewe, akatazama chupa. Povu moja dogo likapanda. "Ngoja kidogo," akasema, na hilo, wanaume mlioko hapa, si jibu la kumpa mwanamke aliyeibiwa friji. Mama Nkundwe akafunga kanga zake akaenda kwao.

Povu la mwisho likatoka. Kajiru akaifungulia hewa polepole, na sasa ndipo hasa alipoonyesha kipaji chake, kwa sababu hakukitoa kile kipande. Watu wote walidhani mti hunywa wakati unavutwa. Sivyo. Unapovutwa unatema tu. Ukiachiwa ndipo unapokunywa, na unakunywa taratibu. Akakiacha humo kilale mpaka dawa iliposhuka chupani na kuacha kushuka. Kisha kikapelekwa tanurini kwa Namkunda kugandishwa, na kikatoka kizito, kigumu, cha buluu.

Siku ya arobaini ikafika. Mtaa mzima ukajaa, wengine kwa ajili ya marehemu, wengi kwa ajili ya kuona watu wakiaibika. Keezo likatolewa nje ya kibanda. Jiko la mkaa likawekwa, chuma cha kitana kikalazwa pembeni yake.

Mbelwa akatoka nyuma ya pazia, akashika patasi kwa mkono wa kushoto mbele ya watu wote. Minong'ono ikaanza. Akangoja iishe. Haikuisha, akaendelea.

Naye alijua jambo ambalo wenzake hawakulijua. Kila tawi lina moyo, ule uzi mgumu wa katikati, na moyo wa mti haunywi. Uukaushe utakavyo, uuvute hewa utakavyo, moyo utabaki mweupe. Na moyo wa kipande kile haukuwa katikati, ulikaa kando, karibu na ukingo. Fundi mwingine angekifunga kwenye keezo kwa katikati ya kipande, akakereza, na mstari mweupe ungejitokeza ubavuni mwa mpini. Mbelwa alikifunga kwa moyo. Akaupigilia msumari wa keezo palepale penye moyo, kipande chote kikaning'inia upande mmoja.

"Kitaruka hicho!" mtu akapiga kelele. "Mzee, kitakuua!"

"Kitakuwa kimeniua nikiwa nje ya pazia," akajibu Mbelwa.

Keezo likazunguka kwa kutetemeka, meza ikaruka, watu wakarudi nyuma. Kipande kikachomoka, kikampiga mdomoni na kuondoka na jino. Akatema damu kwenye maranda, akakifunga tena palepale. Akausogeza mkono wa kushoto, na maranda ya buluu yakaanza kuruka. Buluu, buluu, buluu. Kilipokuwa mviringo mtetemo ukakoma. Kisha akatoboa tundu la kuingizia chuma, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, akiufuata moyo wote. Unga mweupe kidogo ukamwagika chini ya keezo. Hakuna aliyeuangalia, isipokuwa mmoja.

Mbelwa akamkabidhi Shebughe mpini mrefu na msumeno. "Ulisema popote. Chagua."

Shebughe akachagua katikati. Msumeno ukaenda, mpini ukawa vipande viwili. Akautazama uso wa ule mkato. Akaukwaruza kwa kucha. Akautia mate, akausugua kwa kidole gumba. Buluu kutoka ngozi mpaka ukingo wa tundu, pande zote sawasawa.

Akainama akaokota unga mweupe.

"Na huu umetoka wapi? Mmetudanganya. Mti ulikuwa na weupe."

"Ulikuwa nao," akasema Mbelwa, mdomo umevimba. "Tumeutoa. Ulitaka mpini usio na tumbo jeupe. Tafuta weupe kwenye mpini, si kwenye takataka zangu."

Watu wakapiga vigelegele, hata waliokuja kuona aibu. Shebughe akasubiri kelele zitulie. Alikuwa ameshindwa, na mtu wa namna ile akishindwa huwa na tabasamu lake. Akachukua nusu nzuri ya mpini, akaichomeka kwenye mkia wa chuma, akailaza ncha ya kitana katika makaa mpaka ikawa nyekundu. Akaitoa akaiweka juu ya meza, mpini ukiwaelekea wale watatu.

"Haya," akasema. "Chapa ni moja. Haina ubia, haikuwa nayo tangu waanzilishi. Nani kati yenu anashika? Chuma kikipoa bila mkono, kinarudi sandukuni, na mpwa wangu yupo hapa."

Hapo sasa. Mnaona mtego?

Msitarajie waoneane haya. Hawakuwa watu wa "tangulia wewe" na "hapana, tangulia wewe." Waliitaka, na walisema.

Namkunda akasema, "Ni yangu. Nilisimama msibani mkiwa mmeinamisha vichwa. Nilikataa maji. Bila hilo, mngevuta hewa mpaka kiyama na rangi isingepata pa kukaa. Na mimi ni kijana, nitaishika miaka mingi na kufundisha wengine wasinyweshe mti."

Kajiru akasema, "Ni yangu. Mwenyekiti aliomba buluu hadi ndani. Nani aliyeiingiza buluu ndani? Ukavu haupaki rangi, dada. Patasi haipaki rangi, mzee. Mtasema sijui kukereza. Kwa hiyo mimi ni wa kutumwa tu, kazi ikiisha nirudi kwenye bati? Mke sina, friji sina. Nirudi na nini?"

Mbelwa akasema, "Ni yangu. Mliponipa kile kipande kilikuwa bado na weupe ndani yake, na hakuna tanuri wala pampu ambayo ingeutoa. Mpini nimeufanya mimi. Na nyinyi wawili mna umri wa kungoja chapa nyingine. Mimi nikifa bila chapa, nitakuwa nimekufa samaki."

Namkunda akamgeukia kwa upole, lakini neno lake halikuwa la upole. "Na ukifa nayo, baba, mpini unazikwa nawe. Kazi yetu sote inaingia kaburini."

"Basi na iingie," akasema mzee. "Angalau itakuwa imelala na mwenyewe."

Shebughe akaanza kucheka, kicheko chake kile. Akangoja wengine wafuate.

Hawakufuata. Namkunda akampa kisogo, akawageukia watu.

"Huyu haamui," akasema. "Alikwisha kuamua msibani na tumemshinda. Amueni nyinyi, mnaoficha mipini kwenye vitambaa. Mnajua sote tuna weupe ndani. Fungueni, halafu mtuambie."

Kisha mwanamke mmoja mwenye chapa ya jani akakifungua kitambaa chake, akainua mpini juu, weupe wake ukionekana kama goti lililochubuka. Akafuata mwingine. Na mwingine. Mtaa mzima ukasimama na matumbo meupe hadharani, bila aibu, na Shebughe peke yake amebaki anakiminya kitambaa chake mfukoni.

Na wote wakawa wanakitazama kile chuma mezani.

Mimi nasimama hapa. Mzigo ni wenu. Na msiniambie wapokezane mwezi kwa mwezi, chapa haina ubia, nimeshasema. Msiniambie wafue nyingine, chapa haziongezwi. Msiniambie wagome wote watatu waondoke na vichwa vyao juu. Nalipenda jibu hilo kuliko yote, nimelilalia usiku mwingi, lakini mpwa amesimama palepale, mkono wake msafi umekwisha nyooshwa. Na wewe wa kwenye kona, usinitajie Mama Nkundwe na friji lake, ingawa najua unamfikiria, na hata mimi huwa namfikiria.

Kuna aliyekataa maji akaungua mgongo. Kuna aliyengoja povu la mwisho akaachwa na mke. Kuna aliyetoka nyuma ya pazia akapoteza jino. Mpini ni mmoja, una nafasi ya mkono mmoja, na mtaa wa Maranda leo ni nyinyi mliokaa hapa.

Je, wewe ungeamua vipi? Sema upesi. Ncha ilikuwa nyekundu nilipoanza kuuliza, na sasa imeanza kuwa nyeusi.